Herufi L katika Jina la Dada Yangu

Mwenyekiti alinisukumia karatasi juu ya meza, akaweka kalamu juu yake, akasema, "Sahihi yako tu, mzee, tumalize." Nikatia sahihi. Ilikuwa asubuhi, ofisi yetu ya Nyarugusu ilikuwa na vumbi la krasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kama siku zote, na hakuna aliyenishika mkono kunilazimisha. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza hata kusema nipe wiki moja zaidi, naye angenung'unika kidogo kisha angenipa, maana alikuwa akiniheshimu. Nilitia sahihi kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu nilitaka kuonekana.

Karatasi ilisema kwamba mimi, mtunza daftari wa umoja wetu wa wachimbaji wadogo, nimeikagua programu yetu pamoja na historia yake yote tangu siku ya kwanza, na kwamba hamna ndani yake jina halisi la mtu yeyote wala kwao alikotoka. Kwa hiyo iwekwe wazi mtandaoni, kila anayetaka aichukue, aisome, aitumie bure.

Programu hiyo ilitokana na duara lililoporomoka. Duara ni shimo wanaloshuka wachimbaji kwa kamba na ngazi za miti. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, asubuhi ya tatu udongo ukashuka, na tulipofika mdomoni mwa shimo hakuna aliyejua walio chini ni wangapi. Tukahesabu mashati. Mchimbaji akishuka huvua shati lake akalitundika kwenye miti ya mdomoni, basi tukahesabu tukapata saba. Tuliwatoa watu watano, watatu wakiwa wameshakufa, kisha tukachimba siku mbili nzima kuwatafuta wawili waliobaki. Siku ya pili jioni wawili hao wakatokea kwa miguu yao wenyewe. Walikuwa wamekwenda Chato kula samaki, mashati wakayaacha.

Mmoja wa wale waliokufa tulimzika kwa jina la utani. Machimboni ndivyo ilivyo. Mtu anafika na begi lake, anapewa jina au anajipa mwenyewe, na hakuna anayemuuliza la kwao. Wengine wamekimbia kesi, wengine wamekimbia wake, wengine wanaona tu kwamba jina la zamani halijawaletea kitu. Tukaandika jina lile la utani kwenye msalaba wa mbao. Mwaka ulipopita akaja mama mmoja kutoka upande wa Ushirombo, Mkatoliki, rozari mkononi, ana picha ya mwanawe kwenye bahasha. Nilimtambua kijana mara moja. Nikampeleka kaburini. Akausoma msalaba taratibu, akanigeukia, akaniuliza, "Baba, huyu ni nani?"

Swali hilo lilinikaa. Nilikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha kuchambua pamba kule Shinyanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na karani hawezi kulala vizuri akijua kuna kitu ghalani kisicho na jina lake. Kiwanda kilipopunguza watu nilihamia Geita, nikapanga chumba Kalangalala, na umoja wa wachimbaji ukanichukua niwatunzie daftari la wanaoshuka na wanaopanda. Baada ya mama yule kuja, niliongeza safu katika daftari: jina la machimboni, jina halisi, kijiji, ndugu wa karibu. Daftari hilo nililifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Watu walinipa majina yao halisi kwa kuninong'oneza, kama wanaungama.

Kisha akaja binti mmoja mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa amesoma chuo kikuu, anakaa Geita mjini, umri wake wa kuweza kuwa mwanangu wa mwisho. Umoja ulimwomba aligeuze daftari langu kuwa programu, ili mtu akishuka abonyezwe kwenye simu ya msimamizi na akipanda abonyezwe tena, na duara likianguka tujue bila kuhesabu mashati. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, nikadhani nitaulizwa maswali mawili matatu kisha nirudi kwenye daftari langu. Yeye akanivutia kiti.

"Mzee wangu, kaa hapa. Hii programu ni yako, mimi ni fundi tu."

"Mimi ni kidato cha nne, mwanangu. Tena cha zamani."

"Cha zamani ndicho kilikuwa kidato. Kaa."

Nikakaa. Nilikaa miaka mitatu. Alinifundisha kuandika maelezo ya programu kwa Kiswahili, kurekebisha maneno yanayoonekana kwenye simu, kisha vipande vidogo vya programu yenyewe. Nikamwita Mwalimu, naye akacheka, lakini aliitika. Kila nilichokibadilisha kiliandikwa kwa jina langu na siku yake, na hicho ndicho kilichonivutia kuliko vyote. Alinieleza kwamba kazi yetu inatunzwa mahali pamoja, mimi nikapaita ghalani, na kwamba ghala hilo halisahau. Ukifuta kitu leo, toleo la jana bado lipo chini yake.

"Hata nikikosea?" nilimuuliza.

"Hata ukikosea. Kosa linabaki, na sahihisho linabaki."

Nilifurahi sana, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa kiwandani. Ukikosea kwenye leja, usikwangue kwa wembe. Piga mstari mmoja mwekundu kwa rula, andika lililo sawa juu yake, weka sahihi ndogo pembeni. Lililokosewa lazima liendelee kusomeka. Nilimweleza hivyo Mwalimu, akapiga meza kwa furaha. "Basi umeshaelewa, mzee! Wengine huwachukua mwezi mzima." Nasema haya ili msomaji ajue kwamba sikukosea kwa kutojua. Nilijua. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kabla yule binti hajazaliwa.

Sasa niseme habari za dada yangu.

Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne. Tuliokuwa tumebaki kwa mama yetu ni sisi wawili. Aliolewa katika kijiji kimoja cha Shinyanga, hakubahatika mtoto, mumewe hakumwacha kwa hilo, wakazeeka pamoja. Mumewe alipofariki, na katika mwaka huohuo watoto wawili wa shemeji yake wakafa kwa homa, watu wa ukoo ule wakaanza kuyatazama macho yake. Yalikuwa mekundu. Mwanamke aliyepikia vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe makavu maisha yake yote atakuwa na macho gani? Lakini kwetu mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto, mwenye macho mekundu, watu wakishaanza kunyamaza anapopita, ameshahesabiwa mchawi, hana muda mwingi. Asubuhi moja nilikwenda kumchukua. Alitoka na kanga mbili na sufuria moja. Tukapanda basi, hakuangalia nyuma, na mimi sikumwambia afanye hivyo.

Nilimleta Nyarugusu. Akapika ugali na mchicha karibu na mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, na wachimbaji walimpenda kwa sababu hakuwapunja mboga. Walipomuuliza aitwe nani, akawaambia aitwe Mama Fulani, akataja jina la mtoto. Mtoto huyo hakuwahi kuwepo. Alilichagua jina hilo ndani ya basi, aliniambia baadaye, na akaongeza, "Ni jina nililomwekea siku nyingi, hakuja tu." Nyarugusu nzima ikamwita hivyo. Jina lake halisi tulilijua sisi wawili, na tulipokuwa peke yetu hatukulitumia. Yeye aliniita ilumbu, na mimi nilimwita ilumbu. Ni neno letu la Kisukuma: mwanamke humwita hivyo kaka yake, na kaka humwita hivyo dada yake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki wa kuniita hivyo.

Wiki ya kwanza kabisa ya kujifunza kompyuta, Mwalimu aliniambia niunde faili dogo la mazoezi. "Andika mtu mmoja tu, yeyote, tuone kama safu zinakaa sawa." Kisha akatoka kwenda kunywa chai. Nikabaki nimeangalia ile skrini. Safu zilikuwa zilezile nne. Nikamkumbuka mama wa Ushirombo na msalaba wake. Nikawaza kwamba dada yangu akiangukiwa na mti wa krasha kesho, nami nikiwa nimeshakufa, atazikwa kwa jina la mtoto asiyekuwepo. Nikaandika. Jina la machimboni: Mama Fulani. Jina halisi: jina lake. Kijiji: kijiji kile. Ndugu wa karibu: mimi. Mwalimu aliporudi nilikuwa nimeshalihifadhi, na safu zilikaa sawa. Aliangalia kwa haraka akasema vizuri sana, mzee. Hakusoma jina. Baada ya siku kadhaa nililifuta lile faili, nikaona limeondoka, roho yangu ikatulia kama ya mtu aliyefuta ubao wa shule.

Miaka mitatu ikapita. Programu ikafanya kazi. Mara mbili udongo ulishuka, na mara zote mbili tulijua ni nani wako chini, tukawatoa wote hai. Habari zikasambaa, na umoja wa wachimbaji wa mahali pengine ukaiomba. Wakaja na wageni wa mradi mmoja, wakasema kwa nini msiiweke wazi, iwe huria, machimbo yote yachukue. Mwenyekiti alifurahi. Wote tulifurahi. Ilikuwa jambo jema na mpaka leo nasema lilikuwa jambo jema.

Mwalimu ndiye aliyekunja uso. Akatuketisha mimi na mwenyekiti, akaeleza kama mtu anayehamisha nyumba. Kabla hujamfungulia mgeni mlango, alisema, unaangalia chini ya kitanda. Yeye angetafuta nywila zote na ule ufunguo wa siri ambao programu huutumia kutuma meseji, na kweli aliukuta ufunguo umelala kwenye toleo la zamani, akaubadilisha ule wa zamani usifungue kitu tena. Angeandika leseni. Lakini majina ya watu hawezi kuyajua, kwa sababu hajui lipi ni la kweli na lipi ni la duarani. Hiyo ni kazi ya mzee.

"Au," akasema, "kuna njia rahisi. Tutoe programu kama ilivyo leo, bila historia. Historia tubaki nayo sisi. Nusu siku, kazi imekwisha, na hakuna wasiwasi."

Mwenyekiti akakataa palepale. "Wageni wanataka kuona miaka mitatu! Tukiwapa kitu kipya kipya watasema tumenunua jana. Au vipi, mzee?"

Mwalimu akanigeukia. "Mzee ndiye atasaini, basi mzee ndiye aseme. Mimi naona historia ibaki kwetu."

Nilijua jibu sahihi. Lilikuwa limekaa mbele yangu kama sahani. Lakini nikawaza yale mamia ya mabadiliko yenye jina langu, kuanzia lile la kwanza lenye makosa. Nikawaza waliokuwa wakubwa wangu kiwandani, wale walionicheka kwa Kiswahili changu. Sisi Wasukuma R na L hutupiga chenga. Mwaka mmoja nilibandika tangazo la uchaguzi wa chama cha wafanyakazi, nikaandika kwa herufi kubwa SIKU YA KULA NI IJUMAA, na Ijumaa wapakuzi wa pamba walikuja na sahani. Meneja alilitunza tangazo lile mezani kwake. "Karani, leo tunakula au tunakura?" Aliniuliza hivyo kila Ijumaa mpaka alipostaafu. Tangu siku hiyo nilijifunza kuandika kila neno kwa tahadhari, na mkono wangu ukanyooka hata kama ulimi haukunyooka. Nilitaka watu wale, popote walipo, waone kwamba yule karani wa SIKU YA KULA amefanya kitu.

"Tuitoe na historia yake," nikasema. "Nitaikagua."

Mwalimu alinitazama kidogo. "Sawa. Lakini mzee, kama kuna faili lolote ulilolifanyia mazoezi, lolote, niambie nilitoe lote zima, mpaka mizizi."

Hapo ndipo ningeweza kumwambia. Angeuliza ni jina la nani, na mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba siri ya dada haitatoka kinywani mwangu kwa mtu yeyote, hata mtu mwema. Nikasema, "Hamna." Yaani niliificha siri hiyo kwa mtu mmoja tu aliyeweza kuilinda.

Alinionyesha namna ya kutafuta. Unaandika neno, kompyuta inapita matoleo yote tangu siku ya kwanza, inakuletea kila mahali neno hilo lilipo. "Ila haibahatishi," alinionya. "Si kama mtu. Ukiandika hivi, inatafuta hivi. Kwa hiyo tafuta majina, tafuta na vijiji."

Nilikaa siku tatu na daftari la kabatini, nikaandika jina baada ya jina. Siku ya kwanza nilikuta orodha moja ya majaribio yenye watu wengi, Mwalimu akaing'oa yote. Siku ya pili macho yaliniuma. Nilianza vijiji, lakini kila kijiji kilileta mistari mamia, kwa sababu programu yenyewe ina orodha ya vijiji vya kuchagua. Nilijaribu viwili, nikaviacha. Siku ya tatu nikafika kwa dada yangu. Jina lake lina R katikati. Ndivyo lilivyo kwenye cheti chake cha ubatizo, na ndivyo nilivyoliandika kwenye daftari, kwa mkono wangu ulionyooka. Nikaliandika kwenye kompyuta, herufi moja moja, R yake nikaikazia macho. Nikabonyeza.

Hakuna.

Nikabonyeza tena. Hakuna. Nilishusha pumzi. Nikawaza, basi siku ile nilipofuta, kweli lilifutika. Nikafunga daftari, nikaenda kwa dada kula, nikala vizuri. Aliniuliza, "Mbona leo unatabasamu kama umepewa ng'ombe?" Nikamwambia nimemaliza kazi ngumu. "Wabeja," akasema, asante, akaniongezea mchicha. Kesho yake nikatia sahihi.

Jambo ambalo sikulikumbuka ni hili. Siku ile ya mazoezi sikuwa naandika kama karani. Mwalimu alikuwa ametoka, nilikuwa peke yangu, nilikuwa namwaza dada yangu na kaburi lake, na niliandika jina lake kama mama yetu alivyoliita kutoka mlangoni tulipokuwa tunachunga ndama. Niliandika kwa L.

Programu ilikaa mtandaoni miezi mitano. Iliyoleta habari haikuwa nia mbaya, na ningependa kusema hivyo kwa haki. Bwana mmoja mtu mzima, anayetunza kompyuta za umoja mwingine wa wachimbaji, aliichukua programu yetu aifunge kwao. Akawa anapitia historia ili ajifunze ilivyoanza, akafika mwanzo kabisa, akaona jina la kijiji chake. Nani asingesimama akiona kijiji chake? Akasoma safu nne. Akamfahamu. Akapiga simu nyumbani kusalimia, akasema kwa furaha kwamba yule mjane aliyepotea yuko hai, yuko Nyarugusu, anaitwa Mama Fulani, na kaka yake ndiye aliyemwandika.

Wanaume wawili wa ukoo ule wakaja siku ya mnada, mchana. Walifika mwaloni wakamuulizia kwa jina la kwao, watu wakasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Wakasema basi Mama Fulani. Mchenjuaji mmoja aliyekuwa akiosha mchanga akawaonyesha kwa kidole. Dada alikuwa anatoka kuchota maji, akawaona kabla hawajamwona. Akaiweka ndoo chini. Hakurudi jikoni, ugali ulibaki ukiungua, na ndivyo watu walivyojua kuna jambo, kwa harufu.

Alifika kwangu Kalangalala saa tisa, vumbi hadi magotini, kanga moja. Nilikuwa nje natengeneza kiti. Sikumwamkia, wala yeye hakungoja nimwamkie.

"Ilumbu, umeniandika wapi?"

"Wamekuja?"

"Wawili. Wanayajua majina yote mawili. Hayo majina hayajawahi kukaa pamoja ila kichwani mwako na kichwani mwangu. Changu sijakifungua. Umeniandika wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikiruka mbele na kurudi nyuma, faili, historia, sahihi. Alisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye herufi alinyanyua mkono ninyamaze.

"Uliandika kwa L?"

"Kwa L."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mumewe afe. "Kama mama," akasema. "Msomi wetu. Mtu wa SIKU YA KULA." Kisha akaketi kwenye kile kiti nilichokuwa natengeneza, mguu mmoja bado haujakaza, akakaa hivyo kikiyumba mpaka kicheko kikaisha.

Nikamwambia akae kwangu. Akasema jina langu ndilo limeandikwa safu ya nne, watakuja hapa kabla ya jua kuzama. Nikamwambia tutakwenda polisi, tutakwenda kwa paroko, nina rafiki Bukombe. Alinitazama kwa yale macho mekundu, bila hasira, kama unavyomtazama mtu aliyeshika kisu upande wa makali.

"Nitakwenda mwenyewe."

"Wapi? Niambie tu nijue."

"Nikikwambia utaandika."

Nilimpa koti langu. Alilikunja, hakulivaa. Nilitaka kumsindikiza stendi, akasema hapana, tusionekane wawili. Nilibaki mlangoni nikamwona akishuka barabara ile ya Kalangalala, akipita kwenye maduka, hakuangalia nyuma, kama siku ile ya basi. Stendi saa hizo kuna magari ya Chato na ya Bukombe na ya Shinyanga kwenyewe. Sijui alipanda lipi. Wale wanaume walifika saa kumi na moja. Waliniamkia kwa heshima, shikamoo mzee, nikaitika, nikawapa maji, nikawaambia sijui aliko. Kwa mara ya kwanza katika habari hii yote nilisema kweli tupu.

Mwalimu nilimwambia kesho yake. Alilia, akasema kosa ni lake, angeng'ang'ania historia ibaki kwetu. Nilimkatalia. Alinishauri, nami nikamdanganya kwamba hamna faili. Aliiondoa historia yote mtandaoni siku hiyohiyo, ikabaki programu tupu, kama alivyotaka tangu mwanzo. Nilimuuliza, basi sasa jina limetoka? "Kwetu limetoka, mzee," akasema. "Lakini walioichukua wameshaichukua." Kisha akatafuta tena, safari hii kwa L, akitaka tu kuhakikisha, na nikaliona kwenye skrini yake nakala ya mwisho: jina lake, kijiji chake, na mimi. Safu zilikuwa zimekaa sawa.

Mwenyekiti alinipa pole. Programu inaendelea, machimbo mengine wanaitumia, na nasikia kuna mahali imeokoa watu. Nafurahi kwa hao. Mimi niliacha kazi, ufunguo wa kabati nikamkabidhi mwingine. Nikimwonyesha mtu kazi hii siku hizi nasema maneno machache tu: toa ya leo, ya zamani baki nayo, na kama unaona haya kuitaja siri kwa fundi wako, basi usitie sahihi.

Hii ni mvua ya pili tangu aondoke. Nimeuliza Chato, nimeuliza Ushirombo, nauliza bila kutaja jina, kwa hiyo sipati kitu. Ana miaka sabini na sita. Dada yangu wa pekee nimempoteza, kwa sahihi yangu mwenyewe, na hakuna tena mtu wa kuniita ilumbu. Akifa huko aliko atakuwa na jina jipya nisilolijua, na watamzika nalo, na mimi sitakuwepo kuwaambia huyu ni nani.